Kazi haijaisha mpaka ijaribiwe



Leo naweka kando habari za programu kidogo, lakini msifunge ukurasa. Tutazirudia huko mbele, kwa sababu kwangu mimi hili ninaloliandika ni jambo lile lile, tofauti ni kwamba leo limepakwa grisi.

Nina rai moja na najua itawaudhi baadhi ya mafundi, wengine wao rafiki zangu. Gari lililobadilishwa pampu ya maji halijatengenezwa mpaka limepimwa kwa presha. Kukaza bolti ya mwisho si mwisho wa kazi. Kuwasha injini na kuisikia ikinguruma vizuri si mwisho wa kazi pia. Na ile kauli tuliyoizoea sote, "endesha uone", hiyo si kipimo hata kidogo. Ni kumwachia mwenye gari, abiria wake na barabara sehemu ya kazi ambayo fundi alipaswa kuimaliza, awe fundi wa kulipwa au mwenyewe nyumbani chini ya mwembe.

Kwa nini nalisema hili nikiwa Bura? Kwa sababu Bura hakuna mahali pa kuharibikiwa kwa raha. Ukitoka hapa kwenda Garissa, au ukishuka Hola hadi Garsen, kuna vipande virefu vya barabara ambavyo utakutana na mathenge, mbuzi na ngamia kabla hujakutana na duka la spea. Miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35. Injini inayopoteza maji kidogo kidogo mjini Nairobi itakufikisha kituo cha mafuta. Hapa itakufikisha kwenye kivuli cha mathenge, ukiwa na bahati. Na fikiria aliye ndani ya gari hilo ni mama anayepelekwa kujifungua hospitali ya Hola. Wakati huo "endesha uone" ina maana nyingine kabisa.

Na spea zenyewe zikifika, zinafika kwa taabu. Novemba 2023 mafuriko ya El Niño yalikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi pale karibu na Madogo, malori yakakwama. Kwa hiyo mtu wa huku akibahatika kupata pampu mpya, anatakiwa kuifunga mara moja, na iwe sawa. Hana nafasi ya kununua tatu ili kujua ni ipi iliyokuwa nzima.

Kwanza tuelewane: presha inafanya nini mle ndani?

Wengi tunadhani rejeta ni ndoo ya maji yenye mfuniko. Sivyo. Takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta unayochoma huishia kwenye maji ya kupoza injini, na kazi ya pampu ni kuyazungusha maji hayo kutoka kwenye bloku na hedi hadi kwenye rejeta, yapoe, yarudi tena. Maji yanapopata moto yanatanuka, na kwa vile mfumo umefungwa, presha inapanda. Kifuniko cha rejeta kina springi inayoizuia presha hiyo mpaka kiwango fulani. Angalia juu ya kifuniko chako, magari mengi ya Kijapani yameandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha, karibu sawa na psi 13 na psi 16.

Presha hiyo haikuwekwa kwa bahati mbaya. Maji ya kawaida usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 100. Ukiyafungia chini ya presha ya 0.9 yanahimili hadi karibu nyuzi 119 kabla ya kuchemka. Ukichanganya na kulanti halisi, ile ya kijani au nyekundu, nusu kwa nusu, yanahimili zaidi. Sasa ona hatari ya tundu dogo: uvujaji haukupotezei maji tu, unakupotezea presha. Presha ikikimbia, maji yale yale yaliyokuwa yametulia kwa nyuzi 110 yanachemka papo hapo, mvuke unajaa pale palipohitaji maji, na hedi ya aluminiamu inaanza kupinda. Tone moja kwa dakika linaonekana kama mzaha. Si mzaha.

Na hapo ndipo utaona kwa nini kuwasha gari likiwa limesimama uwanjani hakutoshi. Injini ikiwa bado baridi, presha haijajengeka. Mahali pabovu panaweza kukaa pakavu dakika kumi na tano zote unazosimama ukitazama umeridhika, halafu pakaanza kutoa maji ukiwa umepakia magunia ya mahindi na uko kilomita thelathini kutoka nyumbani.

Kisa cha mwalimu

Jirani yangu mmoja, mwalimu, ana pikapu kuukuu. Pampu yake ilikuwa inapiga kelele za beringi na kutokwa jasho, wakaibadilisha yeye na mpwa wake hapo hapo nyumbani. Nawapa heko, walikuwa na spana, walikuwa na gasketi mpya, walikuwa na muda. Siku ya tatu kiwango cha maji kikaanza kushuka. Hakuna dimbwi chini, ni harufu tamu tamu tu ya kulanti na alama nyeupe iliyokauka mbele ya injini.

Wakaja watu watatu wenye ujuzi, wakatoa majibu matatu. Wa kwanza: pampu mpya ni feki, nunua nyingine. Wa pili: hedi gasketi imeungua, tufungue injini. Wa tatu: toa thamostati, gari la huku halihitaji thamostati. Hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Wote walitazama, wakagusa, wakatoa hukumu.

Mwalimu akaniita. "Kijana, wewe si mtu wa kompyuta? Njoo basi uangalie hii."

"Mwalimu, kompyuta yangu haina rejeta."

"Rejeta ninayo mimi. Nimekuita ulete ule ubishi wako wa kutaka kila kitu kithibitishwe."

Basi nikaenda na ubishi wangu. Na swali la kwanza ni lile tunaloliuliza programu inapovunjika baada ya kuwa nzima jana: nini kimebadilika? Tukaandika kwenye daftari lake la zamani la maandalio ya masomo. Vilivyoguswa ni pampu, gasketi, mpira wa maji wa chini na klipu zake, mkanda wa feni, na maji yenyewe. Hedi haikuguswa. Rejeta haikuguswa. Kabla ya kazi pikapu haikuwa inachanganya maji na oili wala kutoa moshi mweupe. Kwa hiyo kuanza kufungua hedi ni sawa na programa aliyebadilisha mistari mitano ya kodi jana usiku, asubuhi programu inagoma, naye anaamua kufomati diski nzima.

Wapenzi wa historia ya kompyuta wanakijua kile kisa cha tarehe 9 Septemba 1947, Chuo Kikuu cha Harvard. Kompyuta kubwa iliyoitwa Mark II iligoma, mafundi wake wakafuata kosa hatua kwa hatua mpaka wakamkuta nondo amenaswa kwenye relei. Wakamtoa, wakambandika kwa selotepu kwenye daftari la kazi na kuandika kuwa huyo ndiye mdudu halisi wa kwanza kupatikana. Watu hukipenda kisa hiki kwa ajili ya mdudu. Mimi nakipenda kwa ajili ya daftari. Hawakubadilisha relei zote kwa kubahatisha. Walimtafuta mpaka wakampata alipo, na wakaandika.

Turudi kwa mwalimu. Tukapima kwa presha, injini ikiwa baridi kabisa (namna ya kupima naieleza hapa chini). Tukajaza mpaka psi 13. Baada ya dakika kumi sindano ikawa kwenye 9. Vizuri! Sasa tuna namba, hatuna maneno matatu tena. Mpwa akashika tochi, mimi nikashika kioo cha kunyolea ndevu, tukachungulia nyuma ya pulei. Kile kitundu kidogo kilicho chini ya shingo ya pampu kilikuwa kikavu, kwa hiyo sili ya pampu mpya ni nzima na yule aliyeiita feki aliisingizia. Mpira wa chini mkavu. Lakini kwenye ukingo wa chini, pale pampu inapokutana na bloku, kulikuwa na tone linaning'inia, linaanguka, linafuatwa na jingine.

Tukafungua. Kwenye uso wa bloku, sehemu ya chini ambayo jicho halifiki bila kioo, kulikuwa kumebaki kipande cha gasketi ya zamani, chembamba kama ukucha, kigumu kama jiwe. Kikakwanguliwa, gasketi nyingine ikawekwa, bolti zikakazwa kwa mpangilio. Tukapima tena. Nusu saa nzima sindano haikusogea. Gharama ya tiba ilikuwa bei ya gasketi moja na kulanti ya kujazia. Linganisha na gharama ya kufungua hedi.

Mahali pa kutazama, kwa mpangilio

Kwa wale mtakaofanya kazi hii nyumbani, haya ndiyo ninayoyaangalia. Si siri ya mtu, ni akili ya kawaida tu.

1. Uso wa bloku. Gasketi mpya haizibi juu ya mabaki ya gasketi ya zamani. Kwangua kwa kipande cha plastiki ngumu au mbao. Ukitumia bisibisi kwenye aluminiamu utaacha mkwaruzo, na mkwaruzo ni mfereji. Futa kwa spiriti, acha pakauke. Pitisha kidole pote, halafu chungulia kwa kioo.

2. Bolti. Zikazwe kidogo kidogo, kwa kuvuka upande huu na ule, si moja hadi mwisho ndipo uende nyingine. Bolti ndogo za spana namba 10 kwa kawaida hazihitaji zaidi ya Nm 10 hivi. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Mkono wa mtu aliyezoea kufunga nati za magurudumu unazikata au kung'oa nyuzi za aluminiamu. Zipo injini ambazo baadhi ya bolti zinapenya hadi kwenye njia ya maji. Hizo zinatakiwa kupakwa dawa ya kuziba kwenye nyuzi, la sivyo maji yatapanda kupitia bolti yenyewe na utailaumu gasketi bure. Na mashimo ambayo hayatokezi upande wa pili yakaushwe kwanza. Maji yakifungiwa chini ya bolti yanaweza kupasua chuma.

3. Silikoni. Hapa nitasema kwa sauti: silikoni si baraka ya kumwagia kila kitu. Kama gari lako limetengenezewa gasketi ya kufungwa kavu, ifunge kavu. Kama ni oringi ya mpira, ilowanishe kwa kulanti yenyewe. Kama ni silikoni, weka ute mwembamba kwenye uso mkavu, na usome pakiti. Nyingi zinataka saa 24 kukomaa kabisa. Ile inayofurika kwa nje unaiona na kuifuta. Ile inayofurika kwa ndani huioni, inakatika na kwenda kuziba mirija ya rejeta.

4. Mipira na klipu. Mpira uliokaa miaka mingi kwenye shingo moja ukivutwa na kurudishwa, haurudi kama ulivyokuwa. Ukiubonyeza ukasikia unakatika kama biskuti, ubadilishe siku hiyo hiyo. Klipu ikae nyuma ya ule ukingo ulioinuka kwenye shingo, si juu yake.

5. Kitundu cha pampu. Kati ya sili na beringi kuna kitundu kilichowekwa makusudi, ili sili ikichoka maji yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Pampu mpya inaweza kutoa unyevu kidogo mwanzoni sili inapojikalisha. Ikiendelea kudondosha, hapo ndipo una haki ya kusema pampu ni mbovu na kuirudisha dukani. Kamwe usizibe kitundu hicho.

6. Kifuniko cha rejeta. Springi ikilegea, maji yanasukumwa kwenye chupa ya akiba na kumwagika, nawe unaanza kutafuta tundu lisilokuwepo.

7. Hewa. Mfumo ukijazwa upya hubaki na mapovu ya hewa. Injini ikipata moto hewa inatoka na kiwango kinashuka, bila tone lolote kuvuja. Inua pua ya gari kwa kulisimamisha kwenye mwinuko, fungua hita hadi moto kabisa, jaza polepole, acha ipate moto kisha ipoe, ujaze tena. Kiwango kikishuka mara moja au mbili na kutulia, hiyo ilikuwa hewa. Kikishuka kila siku, huo ni uvujaji.

Kupima bila mashine ya bei

Nawasikia wengine: kipimo cha presha tutakitoa wapi huku? Gereji kubwa zina kifaa chake, ni kweli. Lakini tazama, unachohitaji ni hewa, geji na mahali pa kuingizia.

Chukua kifuniko kikuukuu cha rejeta kinachoingia kwenye shingo ya gari lako. Toa springi na vali ya ndani, lakini acha ule mpira wa juu unaokaa kwenye mdomo wa shingo. Toboa katikati, ingiza vali ya tairi, ile isiyohitaji tyubu, mpaka ibane. Kile kijibomba kidogo cha pembeni kinachokwenda kwenye chupa ya akiba, kizibe kwa kipande cha mpira kilichosokomezwa bolti na kubanwa klipu. Injini iwe baridi kabisa, rejeta imejaa maji. Funga kifuniko chako, unganisha pampu ya mguu yenye geji, pampu polepole hadi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko halisi cha gari. Usipitishe. Ukipitisha utakuwa unatengeneza uvujaji mpya.

Andika saa na namba. Subiri dakika kumi na tano. Sindano ikishuka, zunguka na tochi na kioo. Anza na viungo vya kifaa chako mwenyewe, kwa kuvipaka povu la sabuni, ndipo uende kwenye injini. Ikitulia, toa hewa kwa kubonyeza vali kabla ya kufungua kifuniko. Halafu washa injini, ipate moto, izime, iache usiku kucha juu ya kipande cha katoni kavu. Aluminiamu hutanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, kwa hiyo kuna viungo vinavyoshika vikiwa vya moto na kuachia alfajiri. Katoni itakuambia, tena itakuonyesha ni upande gani.

Na jamani, kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Hili halina mjadala.

Dawa za mkato

Kuna watu watakuambia weka manjano, weka yai, weka unga fulani wa dukani. Unga wa kuziba unaweza kushika tundu la sindano kwenye rejeta ukiwa porini na huna njia nyingine. Sikatai. Lakini haujui tofauti kati ya tundu baya na mrija mwembamba mzuri, unaziba vyote. Na gasketi iliyokaa juu ya takataka haizibwi kwa manjano.

Kutoa thamostati nako hakuzibi chochote. Injini inachelewa kupata joto lake la kazi, inakula mafuta zaidi, na kwenye baadhi ya injini thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani umetafuta baridi, umepata joto.

La tatu ni kuongeza maji ya mto kila asubuhi. Maji ya Tana tunayajua rangi yake. Ule udongo unasaga sili ya pampu kama msasa, na maji ya visima vyetu vingi yana chumvi inayoganda ndani ya mirija. Kama huna kulanti iliyochanganywa tayari, changanya na maji ya betri au maji ya mvua yaliyokingwa safi.

Tena, kulanti unayoimwaga usiimwage uwanjani. Ile ya kawaida ina kemikali tamu iitwayo ethilini glaikoli, na ni sumu. Mbuzi, mbwa na paka wanaweza kuilamba na kufa, na mtoto vile vile. Kwenye mji wa wafugaji kama wetu, beseni chini ya gari ni adabu ya ujirani.

Lakini fundi naye ana hoja

Nisimwonee fundi wa jua kali. Anayemharakisha ni mteja. Mteja anafika saa nne, anataka gari saa nane, na anapunguza bei mpaka kwenye mfupa. Ukimwambia kuna nusu saa ya kupima na usiku mmoja wa kusubiri, anasema fundi wa ng'ambo ya barabara atamaliza leo. Halafu tunashangaa kazi zinarudi! Tunaoandika programu tunaijua hadithi hii vizuri mno. Bosi anataka mfumo Ijumaa, majaribio yanakatwa kwanza, Jumatatu watumiaji ndio wanaogeuka wajaribu.

Kwa hiyo lawama naigawa. Fundi aache kusema imekwisha kabla hajapima. Na mteja aache kulipia bolti tu, alipe na muda wa kupima, aulize, "Ulipima kwa presha ngapi, na ilikaa dakika ngapi?" Swali hilo moja, likiulizwa na wateja kumi, litabadilisha gereji ya mji mzima bila semina wala warsha.

Na kama kuna mji unaopaswa kulielewa hili bila kufundishwa, ni Bura. Mji huu ulikuzwa na pampu za maji. Mwaka 1977 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa unyunyizaji wa Bura, hekta 6,700 zikapangwa, na zilizoendelezwa zikaishia takriban 2,500. Maji yalivutwa kutoka Tana kwa pampu za dizeli zilizowekwa Nanigi. Zilipokuwa zikifanya kazi, pamba na mahindi vilisimama. Zilipokuwa zikigoma, shamba zima lilisimama kwa maana ile nyingine, na wazee walioletwa hapa kulima wanakumbuka miaka ya ukame uliosababishwa na mashine huku mto umejaa. Hakuna aliyekosa maji mtoni. Kilichokosekana ni njia ya kuaminika ya kuyatoa mtoni na kuyafikisha mferejini.

Pampu peke yake haijawahi kuwa mfumo, wala ya Nanigi, wala ya pikapu. Mfumo ni pampu, na kiungo chake, na mpira wake, na kifuniko, na maji safi, na mtu anayepima na kuandika alichokipima. Ukibadilisha kimoja, unawajibika kwa vyote vilivyokigusa.

Basi mdau, ukifunga pampu wikendi hii, usimpigie mtu simu kumwambia umemaliza. Jaza, pampu, andika namba, keti kivulini dakika kumi na tano. Sindano isiposogea, hapo sasa piga simu.

Tuonane wiki ijayo, nitarudi kwenye kompyuta. Kule nako kunavuja.